Maji Kiasi Gani? Hesabu ya Anayeanza Kupika Bia ya Kimea Nairobi

Ukianza kupika bia kwa kimea chenyewe badala ya sharubati ya kimea ya kopo, kitakachokusumbua kwanza ni maji, kabla hata ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na hamira. Unapima lita 12 ukitarajia lita 10 kwenye ndoo ya kuchachushia, na jioni unabaki na lita 6 zilizokolea sukari. Maji hayo yamepotelea mahali panapojulikana. Kimea kimekunywa sehemu yake, mvuke umebeba nyingine, mashapo yameshika kidogo chini ya sufuria, na ukitumia kuliboksi, yaani boksi la kutunzia baridi lililofungwa koki ili kimea kilowekwe ndani yake, kuna yaliyobaki chini ya koki. Kila upotevu unapimika. Ukishaupima kwa vyombo vyako, mapishi yoyote utakayoyakuta utayageuza yakufae.

Mfano tutakaoufuata ni wa lita 10 ndani ya ndoo ya kuchachushia, kimea cha shayiri kilo 2.4, na maji matamu, yaani maji yaliyobeba sukari ya kimea, yenye uzito wa 1.046 (maji matupu ni 1.000) kabla ya hamira. Kiasi hicho kinawezekana juu ya jiko la gesi la kawaida kwa sufuria ya lita 20, ingawa ya lita 25 inakupa nafasi ya kukoroga bila kumwaga. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataja leseni ya kutengeneza kileo, si ya kuuza pekee. Isome kabla hujanunua vifaa.

Lita yako iwe lita kweli

Usipime kwa jerikeni. Jerikeni la lita 20 ukilijaza mpaka shingoni huwa limebeba zaidi ya lita 20, na alama zilizo ubavuni mwa ndoo nyingi ni za kukadiria tu. Tumia mizani ya jikoni. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo weka jagi kwenye mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mimina maji mpaka isome gramu 2,000. Hizo ni lita mbili, na unaweza kuchora mstari hapo kwenye jagi.

Sasa tengeneza kipimo cha sufuria. Chukua mwiko mrefu wa mbao, usimamishe wima katikati ya sufuria iliyo juu ya sehemu tambarare, mimina lita mbili mbili, na kila mara kata alama ndogo kwa kisu pale maji yalipofikia. Wino hautafaa kwa sababu mvuke utaufuta. Sufuria yenye upana wa sentimita 36 ndani ina raha yake, kwa kuwa kila sentimita ya kina ni karibu lita moja kamili. Ya sentimita 40 hubeba lita 1.26 kwa kila sentimita, na ya 34 hubeba 0.9. Hata hivyo pembe za chini huwa zimepinda, hasa kwenye sufuria za kufuliwa kwa mkono kama zile za Kamukunji, kwa hiyo amini alama ulizokata kuliko hesabu ya duara.

Mvuke

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, kwa sababu huchukua namba ya mtu mwingine. Maji yanayopotea kwa mvuke hutegemea nguvu ya moto wako, upana wa sufuria yako na upepo wa mahali unapopikia. Sufuria ile ile ikipikwa jikoni mlango umefungwa na ikipikwa kwenye roshani ya ghorofa ya nne Agosti haitoi majibu sawa.

Jaribio lenyewe ni rahisi, na usilikwepe. Weka lita 12 za maji baridi kwenye sufuria utakayotumia, washa jiko utakalotumia, na yakishaanza kuchemka kwa nguvu acha saa moja bila kifuniko. Zima, funika, acha yapoe kabisa, kisha pima. Zikibaki lita 9, unapoteza lita 3 kwa saa. Kwenye majiko mengi ya nyumbani jibu huangukia kati ya lita 2 na 4. Sisi tutatumia 3.

Nairobi iko juu sana, takriban mita 1,600 upande wa Embakasi na zaidi ya 1,800 ukielekea Karen, kwa hiyo maji huchemka yakiwa kati ya nyuzi 94 na 95. Kipimajoto kikisoma 94 huku maji yanatokota, hakijaharibika. Watu hudhani kwamba kwa sababu maji yanachemka kwa joto la chini basi mvuke nao utakuwa mdogo. Sivyo, kwani kinachoamua ni moto unaoingia kwenye sufuria. Kinachobadilika hapa kwetu ni hopsi. Uchungu wake hutoka polepole zaidi kwenye nyuzi 94 kuliko 100, ndiyo maana wengi huchemsha dakika 90 badala ya 60. Ukiamua hivyo, badilisha hesabu ya maji papo hapo: kwa lita 3 kwa saa, dakika 90 ni lita 4.5. Njia nyingine ni kubaki na dakika 60 na kuongeza kiasi kidogo cha hopsi. Kwa anayeanza tunapendelea hiyo, kwa sababu inakuachia jambo moja tu la kuhesabu.

Kimea, mashapo na koki

Kimea kikavu hunywa maji na hakiyarudishi. Kwenye kuliboksi yenye koki, hesabu lita 1 kwa kila kilo. Kwenye mfuko wa kitambaa ambao unauinua na kuuacha uchuruzike, hesabu lita 0.8. Ukiukamua kwa nguvu inaweza kushuka hadi 0.6. Anza na 0.8, kisha siku ya kupika upate namba yako: toa maji matamu uliyoyapata kwenye maji uliyoweka, gawanya kwa kilo za kimea.

Namba hiyo huharibiwa na usagaji. Punje inatakiwa ivunjike vipande viwili hadi vinne huku ganda likibaki karibu zima. Kinu cha posho kitakurudishia unga, na unga hushika maji mengi, huziba koki ya kuliboksi, na kwenye mfuko hugeuka donge ambalo kati yake ni kavu. Mwombe muuzaji akuvunjie kimea, au tumia kinu cha mkono kilicholegezwa.

Mashapo ya hopsi na utando wa protini hubaki chini ya sufuria baada ya kuchemsha. Kwa lita 10 weka lita 1. Ukiwa na kuliboksi, pima pia maji yasiyotoka: mimina lita 4, fungua koki bila kuinamisha, pima yaliyotoka. Upungufu ndio hasara yako. Tutasema nusu lita.

Jumlisha kwa maji baridi

Hesabu yote ifanye kwa lita za maji baridi, kama yanavyotoka mferejini. Kwa njia ya mfuko:

Ndoo ya kuchachushia: 10
Mashapo: 1
Mvuke wa saa moja: 3
Kimea, kilo 2.4 × 0.8: 1.9
Jumla: lita 15.9

Kwa kuliboksi, badilisha kimea kiwe 2.4 na uongeze 0.5 ya koki. Jumla inakuwa lita 16.9.

Utasoma mahali pengi kwamba lazima uongeze asilimia 4 kwa ajili ya maji kusinyaa yakipoa. Ukiwa umepima kila kitu baridi, usiongeze chochote, kwa sababu utakuwa umehesabu jambo moja mara mbili. Kutanuka kwa maji kunahusu usomaji wa mwiko tu. Lita 14 za baridi za kabla ya kuchemsha (10 + 1 + 3) zitasomeka karibu 14.3 zikiwa na nyuzi 66, na 14.5 zikichemka. Lita 11 za mwisho zitasomeka 11.4 kabla hazijapoa. Andika namba hizo kwenye karatasi ubandike ukutani, maana ukiwa katikati ya mvuke huku ukisoma mwiko utazisahau.

Angalia pia kama vitaingia. Kila kilo ya kimea huchukua nafasi ya lita 0.67 ndani ya maji, kwa hiyo kilo 2.4 ni lita 1.6. Jumlisha na 15.9 upate 17.5, na joto litaifikisha karibu 17.9. Sufuria ya lita 20 inatosha, lakini koroga taratibu. Kama uliyonayo ni ya lita 15, shusha lengo liwe lita 7: kimea kilo 1.75 na maji lita 12.4.

Njia ya mfuko

Hii ndiyo tunayomshauri anayeanza, kwa kuwa maji yote yanaingia mara moja na hakuna kugawanya. Mfuko ushonwe kwa kitambaa cha pazia chepesi kinachopitisha maji, kile cha neti laini kinachouzwa kwa mita Eastleigh, na uwe mpana kuliko sufuria. Weka sahani ya chuma au waya wa tanuri chini kabla ya kuutia. Kitambaa hicho ni cha poliesta, na kikigusa kitako cha sufuria huku moto unawaka kitayeyuka.

Pima lita 15.9, toa moja uiweke kando kwenye birika, na upashe moto 14.9. Birika hilo ndilo litakuokoa joto likikosewa.

Joto la maji kabla ya kutia kimea lipate hivi: chukua joto unalotaka uji wa kimea ukae nalo, toa joto la kimea kikavu, zidisha kwa 0.41, gawanya kwa lita za maji kwa kila kilo, kisha jumlisha na joto lile unalotaka. Tukitaka 66 na kimea kina nyuzi 20, tofauti ni 46. Mara 0.41 ni 18.9. Tuna lita 6.2 kwa kilo, kwa hiyo 18.9 ÷ 6.2 ni 3. Pasha maji mpaka 69, zima moto, kisha mimina kimea kidogo kidogo ukikoroga, mpaka usione donge. Donge likielea, livunje kwa mgongo wa mwiko ukilibana ubavuni mwa sufuria, kwa sababu unga mkavu uliofungika ndani hautoi sukari hata kidogo.

Pima joto mahali patatu. Likiwa 64, mimina ile lita ya birika ikiwa inachemka na uji utapanda karibu nyuzi 2. Likiwa 68, mimina lita ile ile ikiwa baridi. Likiwa sawa, irudishe baadaye unapoinua mfuko kwa kuimwaga juu ya kimea taratibu ili isuuze. Kwa vyovyote vile jumla inabaki 15.9, na hapo ndipo wengi hupotea: huongeza maji ya kurekebisha joto bila kuyaandika, kisha hushangaa bia kuwa nyepesi.

Funika, zungushia blanketi, acha saa moja. Inua mfuko, uweke juu ya waya uliolazwa mdomoni mwa sufuria, uchuruzike dakika 15, ukandamize kwa kifuniko.

Njia ya kuliboksi

Hapa maji hugawanywa. Ukitaka kupata sukari vizuri, maji yanayotoka mara ya kwanza na yale ya kusuuzia yakaribiane. Tunahitaji lita 14 kabla ya kuchemsha, kwa hiyo 7 na 7. Kimea na koki hushika maji yao mara ya kwanza tu, basi maji ya kuloweka ni 7 + 2.4 + 0.5, yaani lita 9.9, na ya kusuuzia ni 7 kamili. Mara ya pili kimea kimeshajaa, na kila lita unayotia inatoka.

Hiyo ni lita 4.1 kwa kilo. Maelekezo mengi hutaja 2.5 hadi 3, na ukizifuata bia haitaharibika, ila uji utakuwa mzito kukoroga na maji ya kusuuzia yatazidi ya kwanza. Chini ya 2.5 usiende. Joto la maji ya kuloweka litoke kwenye hesabu ile ile: 18.9 ÷ 4.1 ni 4.6, basi karibu nyuzi 71. Kuliboksi yenyewe hunywa joto, kwa hiyo itie lita 3 za maji yanayochemka dakika 10 kwanza, halafu uyamwage yote. Yakibaki ndani, hesabu nzima imeharibika.

Maji ya kusuuzia yasivuke nyuzi 77, la sivyo maganda yatatoa ukakasi unaobaki kooni. Fungua koki nusu. Ukiifungua yote kwa haraka, kimea kitajibana na kuziba, na maji uliyoyahesabu yatabaki kwenye boksi.

Maji yenyewe

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini na ni laini, yanafaa bia. Tatizo lake ni klorini, ambayo ikikutana na kimea huleta harufu ya dawa ya hospitali. Tableti moja ya metabisulfaiti, dawa inayoondoa klorini, hutosha lita 75, kwa hiyo robo yake inatosha ndoo ya lita 20. Bila tableti, chemsha dakika 15 siku iliyotangulia, upime baada ya kupoa wala si kabla.

Maji ya visima virefu ni jambo jingine. Vingi jijini vina floraidi na magadi mengi, na kuchemsha hakuondoi chochote kati ya hivyo. Maji yanavyopungua kwa mvuke, chumvi hizo ndivyo zinavyokolea. Magadi pia hupandisha pH ya uji (kipimo cha uchachu) juu ya kiwango ambacho vimeng'enya, vile vinavyogeuza wanga wa kimea kuwa sukari, hupenda, na kusuuza kwa maji hayo huleta ukakasi hata joto likiwa sahihi. Afadhali ununue maji yaliyosafishwa ya kujaziwa kwenye mtungi kuliko kuyatumia. Na kwa kuwa zamu za mgao hazitabiriki, chota maji yote usiku, pamoja na lita 3 za ziada zilizochemshwa na kupozwa, zikae zimefunikwa.

Vipimo viwili vya kuamua

Cha kwanza ni kabla ya kuchemsha. Soma mwiko, chota kiasi kidogo ukipoze mpaka nyuzi 20, utie haidromita, kile kipimo kinachoelea cha kusoma uzito. Tunataka lita 14 za baridi zenye 1.036. Zidisha lita kwa tarakimu mbili za mwisho: 14 × 36 ni 504. Hiyo ndiyo sukari yako yote, na haibadiliki ukiongeza maji wala ukiyachemsha.

Ukikuta lita 13 zenye 1.039, sukari ni 507. Umepungukiwa na maji tu, ongeza lita moja. Ukikuta 15.5 zenye 1.033, sukari ni karibu 512, na maji yamezidi. Chemsha nusu saa kabla ya kutia hopsi, kisha ndipo uanze kuhesabu dakika 60. Lakini ukikuta lita 14 zenye 1.031, sukari ni 434, na hapo maji hayana kosa. Angalia usagaji, madonge au joto. Unaweza kukubali bia nyepesi, au uchemshe hadi zibaki lita 9.4 badala ya 11.

Cha pili ni baada ya kupoza. Tuseme una lita 9.5 zenye 1.053. Zidisha: 503.5. Gawanya kwa 46 upate 10.9. Ongeza lita 1.4 kutoka kwenye yale maji ya akiba yaliyochemshwa, ukoroge vizuri, upime tena. Usitumie ya mfereji moja kwa moja, kwa sababu wakati huu hakuna mchemko tena wa kuua vijidudu.

Machicha yaliyobaki kwenye mfuko hayana hopsi, kwa hiyo ng'ombe, nguruwe na kuku watayafurahia. Yapelekwe siku hiyo hiyo, yanachacha haraka.

Ukipanda hadi lita 20

Usizidishe kila kitu kwa mbili. Kimea kitaongezeka mara mbili na kunywa mara mbili, lakini mvuke hauangalii maji ni mangapi. Ukibaki na sufuria yenye upana ule ule na moto ule ule, bado ni lita 3 kwa saa. Mashapo yataongezeka kidogo, labda 1.5. Kwa hiyo: 20 + 1.5 + 3 + 3.8, jumla lita 28.3. Aliyezidisha 15.9 kwa mbili atakuwa na 31.8, yaani lita 3.5 za ziada, na atachemsha zaidi ya saa nzima kuziondoa huku gesi ikiisha. Ukinunua sufuria pana zaidi au jiko lenye moto mkubwa kwa ajili ya lita hizo 20, rudia jaribio la lita 12 kabla ya kununua kimea, kwa sababu ile namba yako ya zamani imekwisha kazi.